Kababu moja kubwa ya bata mzinga, jikoni kwangu Minneapolis

Asalaam aleikum, hodi hodi majumbani mwenu! Hapa Minneapolis ni saa kumi na moja kasorobo, na hebu tazameni dirishani: giza limeshaanza kuingia. Desemba ndivyo ilivyo huku, jua linazama saa kumi na nusu jioni, unajiona umechelewa kila kitu. Baba watoto anaingia zamu saa mbili, watoto wana njaa tangu washuke basi la shule, na mimi ndiyo kwanza nimevua viatu. Kwa hiyo leo msitegemee pilau. Leo tunaoka mkate wa nyama ya bata mzinga.

Najua, najua. Mama yangu nilipomwambia kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mkate? Wa nyama? Mwanangu, huko mnakula nini?" Wenyewe Wamarekani wanauita mitilofu. Mwanangu wa pili aliula shuleni akarudi kuniganda wiki nzima. Mara ya kwanza nilipojaribu ulitoka tofali. Baba watoto hakunena neno, lakini kila tonge alilisindikiza kwa maji.

Watu wanadhani bata mzinga huku ni wa ile sikukuu yao ya Shukrani tu, Alhamisi ya nne ya Novemba, anapookwa mzima. Wapi! Nyama yake ya kusaga iko madukani mwaka mzima, na wenye presha wanaikimbilia kwa sababu haina mafuta mengi. Na hapo ndipo penye ugomvi, maana mafuta yakikosekana nyama inakauka. Mimi naichukua bucha la Wasomali pale Lake Street, halali, namwomba achanganye na ya mapaja. Kidari kitupu sitaki hata bure. Leo nina ratili mbili, kama gramu 900 hivi.

Sasa sogeeni mtazame bakuli hili. Silesi mbili za mkate, nimetoa kingo, nikazilowesha kwenye nusu kikombe cha maziwa mpaka zikawa uji. Mnaukumbuka mchezo huu? Si ndio ule wa kababu za futari! Bibi yangu kule Tanga alikuwa anatia mkate uliolowa kwenye nyama, nasi wajukuu tukanong'ona kwamba anabana matumizi. Kumbe mkate ule unashika maji ndani ya nyama isikauke! Siku nilipogundua nilicheka peke yangu hapa jikoni. Mitilofu ni kababu moja kubwa ambayo haikuchovywa kwenye mafuta, basi.

Kitunguu nimekikaanga kwanza na kukipoza, kwa sababu kibichi kinaachia maji na mkate unameguka. Karoti moja ya kukwaruza, na hiyo watoto hawaijui, msiniumbue. Mayai mawili, thomu, tangawizi, binzari nyembamba, pilipili manga, giligilani, chumvi kijiko cha chai na nusu. Changanya kwa ncha za vidole. Ukikanda kama unga wa chapati utakula raba. Inanata, eeh, oneni, imeingia mpaka kwenye pete! Lowesha mikono kwanza.

Siutii kwenye kopo la mkate. Nauumba juu ya trei hivi, kama mgongo wa kobe, ili joto liuzunguke. Juu napaka kechapu, sukari guru kidogo na ukwaju. Wao wanatia siki, ukwaju ni wangu mimi. Nusu ya rojo napaka sasa, nusu mwishoni. Oveni nyuzi 350 za Fahrenheit, kama 175 za Selsiasi, karibu saa nzima.

Nyinyi wa nyumbani, kuku wa kusaga anafaa sana. Huna oveni? Teleka sufuria nzito kwenye moto mdogo, palia mkaa juu ya mfuniko kama unavyopika mkate wa kumimina.

Haya, tumerudi. Jamani harufu! Hiki kijiti ni kipimajoto, nakichoma katikati kabisa. Kinatakiwa kisome 165, yaani 74 za kwenu. Kinasoma... 167, alhamdulillahi. Rangi isikudanganye, nyama ya ndege ya kusaga inaweza kubaki na wekundu ilhali imeiva, au ikapauka na bado mbichi katikati.

Dakika kumi iachwe itulie, usiikate, mchuzi wote utakimbilia kwenye trei. Mwanangu, toa mkono! Yaani mnamwona? Anataka ile ncha ya pembeni iliyoshika rangi, yenye rojo iliyoungua kidogo. Jamani huu si ndio ukoko wenyewe! Na kwenye nyumba hii ukoko ni wa mpishi. Ngoja nizime kamera kabla baba yao hajatoka bafuni, maana naye anaujua.