Jinsi ya Kumchua Mtu Mabega na Shingo

Karibuni. Leo tunachua mabega na shingo, mahali ambapo mtu mwenye mawazo hujikaza kutwa nzima bila kujijua.

Kabla ya kumgusa, muulize: unaumwa wapi, na wapi nisikuguse? Hatua hii usiiruke, maana mwili haulegei mikononi mwa mtu usiyemwamini. Mwenye homa asichuliwe. Akiwa na mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, huenda damu imeganda ndani, aende hospitali. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kwanza.

Mketishe ainamie meza, paji la uso likiwa juu ya mto. Mafuta kidogo yamimine kiganjani mwako, kisha sugua mikono mpaka yapate joto.

Sasa tazama. Viganja vinaanzia chini ya shingo, vinateleza polepole hadi mwisho wa mabega, vinarudi. Dakika mbili tatu ni hivyo tu. Ukianza kwa nguvu, misuli inazidi kukaza.

Halafu shika nyama ya bega, hapa kati ya shingo na ncha ya bega, kwa kidole gumba na vidole vingine. Inua, kamua taratibu, achia. Ukikutana na fundo, kitu kigumu kama punje ya harage kinachokwepa chini ya kidole, libonyeze na utulie hapo kwa pumzi tatu. Muulize maumivu ni mangapi, 0 hadi 10. Yakipita 5, punguza. Na usitegemee mdomo peke yake. Wengi husema "sawa tu" huku wamebana pumzi na bega limepanda.

Shingoni tumia ncha za vidole, kandokando ya uti wa mgongo, ukipanda hadi nywele zinapoanzia. Usibonyeze mfupa wenyewe, wala mbele ya koo inakopita mishipa mikubwa ya damu. Akisikia ganzi au kizunguzungu, acha.

Wapo wanaolia wakichuliwa. Usishtuke, usimhoji. Tuliza mikono ilipo, muulize kama uendelee. Kuchua hutuliza, lakini hakuchukui nafasi ya matibabu ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Wala hakutoi "sumu" mwilini kama inavyotangazwa. Hiyo ni kazi ya ini na figo.

Malizia kwa viganja vilevile vya mwanzo, wepesi zaidi. Mfute mafuta, umwache akae kidogo kabla ya kusimama.