Itaruka au Itasimama? Mhadhara kuhusu ununuzi wa vipuri vya ziada vya ndege za kivita za zamani

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie mahali pa kupata vipuri vya ziada vya ndege za kivita za zamani. Mahali nitapataja, lakini baadaye. Mlionisikia siku nyingine mnajua ninaanzia wapi, na nitaendelea kuanzia hapo hapo mpaka watu waache kuniletea picha za makasha ambayo wameshayalipia. Ndege yako itaruka au itasimama? Swali hilo lijibiwe kabla hujatoa hata senti moja. Kipuri cha ndege ya kusimama kwenye jumba la makumbusho na kipuri cha ndege ya kuruka ni vitu viwili, hata kama vimetoka kasha moja na vina namba moja.

Kuna wanaonijibu, "Tutaamua huko mbele." Hapana! Huko mbele ndiko yalikojaa maghala ya vitu visivyo na kazi. Mmoja ananunua mguu wa ndege, ule unaobeba gurudumu la kutulia, kwa bei ya kipuri cha kuruka, halafu anagundua hauna karatasi hata moja, basi anauegesha ukutani. Huyo amepoteza pesa, na pesa hutafutwa tena. Mwingine ananunua mguu kama pambo, kwa bei ya pambo. Miaka inapita, mradi unapata nguvu, mafundi wapya wanaingia, na siku moja mtu anauliza, "Si tunao ule mguu pale ukutani?" Huyo wa pili ndiye anayeninyima usingizi, maana mguu wa pambo sasa utafungwa kwenye ndege ya kuruka.

Sasa nirudie habari za Darryl Greenamyer, na mtanivumilia, kwa sababu sijaona mfano mwingine unaofundisha mambo haya kwa ukamilifu kama huu. Greenamyer alikuwa rubani wa majaribio wa Lockheed, kampuni ya Marekani ya kuunda ndege, na bingwa wa mashindano ya mbio za ndege ya Reno. Alitaka rekodi ya dunia ya kasi ya kuruka chini chini, ile ambayo ndege haitakiwi kuzidi mita 100 kutoka ardhini. Kwa rekodi hiyo ilihitajika ndege ya kivita ya jeti, naye hakuwa nayo. Akaiunda. Alikusanya vipande vya F-104 kutoka kwenye ndege zilizoanguka, kwenye yadi za chuma chakavu na kwenye mauzo ya vitu vya ziada vya jeshi, kipande baada ya kipande, kwa zaidi ya miaka kumi. Tarehe 24 Oktoba 1977, katika jangwa la Nevada, ndege hiyo ya vipande ilipata kasi ya wastani ya zaidi ya kilomita 1,590 kwa saa. Rekodi ikawa yake.

Wapenzi wa vipuri huishia hapo. Wanapiga makofi, wanakimbilia mnadani. Lakini mwezi Februari 1978, akijiandaa kutafuta rekodi ya kwenda juu, alirudi kutua na mguu mmoja haukujifunga mahali pake. F-104 ina mabawa mafupi mno na hutua kwa kasi kubwa. Kuilaza kwa tumbo, au juu ya mguu usiojifunga, ni kutafuta kifo. Akajirusha nje kwa kiti cha kurushia rubani, akapona. Ndege ikaishia jangwani.

Sidai kwamba mguu ule uligoma kwa kuwa uliokotwa yadini. Hata miguu ya ndege mpya za jeshi hugoma. Ninachotaka mkione ni kwamba kazi ya zaidi ya miaka kumi, iliyokwisha kuandikwa kwenye vitabu vya rekodi, iliamuliwa na jambo moja tu, mguu kujifunga au kutojifunga. Fundi akishaelewa hivyo, hanunui tena kwa macho.

Na huyo huyo Greenamyer ndiye aliyeongoza msafara wa kwenda Greenland kuifufua ndege kubwa ya mabomu, B-29 iitwayo Kee Bird. Ndege hiyo ilitua kwa dharura kwenye ziwa lililoganda mwezi Februari 1947, watu wake wote wakaokolewa, yenyewe ikaachwa huko. Mwaka 1994 na 1995 mafundi walipeleka injini nne, propela na tairi, wakazifunga katika baridi ile kali, na fundi wao mkuu aliugua huko na kufariki. Mei 1995 injini zikawaka, ndege ikaanza kujikokota juu ya barafu. Moto ukaanzia mkiani, kwenye mtambo mdogo wa kuzalisha umeme, ambao mafuta yake yalikuwa kwenye tanki la kuunga-unga. Tanki likavuja. Ndege iliyokaa kwenye barafu karibu miaka 50 ikaungua siku hiyo. Injini nne kubwa zilipata pesa, mipango na heshima zote. Tanki lile halikupata hata nusu ya fikra hizo. Nikiona orodha ya ununuzi inaanza na injini, huwa nauliza kwanza, "Mabomba ya mafuta yako wapi? Matanki je? Vibano?" Mara nyingi hayamo.

Najua mtasema: "Lakini hiki changu ni kipya kabisa, kimefungwa kiwandani tangu 1944, karatasi ya nta haijachanwa." Kwa muuzaji, kasha lililofungwa ni sifa. Kwangu mimi maana yake ni kwamba tangu 1944 hakuna aliyekikagua. Mpira huzeeka rafuni bila kutumiwa. Mipira ya kuzibia mafuta hukakamaa na kupasuka, mabomba ya mpira hupasuka kwa ndani huku nje yakipendeza. Grisi ndani ya beringi huganda ikawa kama nta, na unyevu ukiingia hula vijishimo kwenye gololi. Hivyo vijishimo havionekani mpaka uvunje beringi na kuisafisha. Magnesiamu, iliyotumika sana kwenye magurudumu na maganda ya mitambo ya zama zile kwa ajili ya wepesi wake, huliwa vibaya mno na chumvi na unyevu. Nimeshika ganda lililopakwa rangi safi, kidole kikazama ndani yake.

Aluminiamu nayo ina ugonjwa wake. Zile bati za nguvu zilizochanganywa na shaba huweza kuliwa kati ya chembe na chembe, ndani kwa ndani, mpaka bati linachambuka tabaka kwa tabaka huku uso wake ukiwa laini. Ndiyo maana kipuri cha kuruka hupitishwa kwenye eksirei, kwenye mkondo wa umeme wa kutafuta nyufa, kwenye rangi ya kupenya, na cha chuma kwenye sumaku. Hesabu gharama hiyo juu ya bei ya mnada kabla hujanyoosha mkono.

Na msisahau mafuta ya haidroliki. Mitambo mingine ya zamani ilitumia mafuta yenye asili ya nyonyo pamoja na mpira wa asili. Mingine ilitumia mafuta ya madini pamoja na mpira wa viwandani. Mafuta ya madini yakikutana na mpira wa asili, mpira huvimba na kulainika. Kwa hiyo unaponunua pampu au breki, jua ilitengenezwa kwa mafuta gani. Swali hili halina gharama, na bado watu hawaliulizi.

Nije kwenye karatasi. Kipuri cha kuruka bila historia ni mzigo wa chuma mpaka mkaguzi mwenye leseni aseme vinginevyo. Tafuta kadi ya saa za kazi, tafuta fomu 8130-3 ya Marekani au Fomu 1 ya Ulaya, zile za kuthibitisha kwamba kipuri kinafaa kuruka, na usome maneno yaliyomo, maana karatasi inaweza kuwa halali huku ikisema kipuri kilikaguliwa tu na hakikufanyiwa ukarabati. Soma pia namba. Marekani, namba ya ghala la jeshi yenye tarakimu 13 ilianza mwaka 1974; kabla ya hapo zilikuwa 11. Mtu akikuuzia kipuri cha Mustang, ndege ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia, "kisichoguswa tangu vita" chenye lebo ya tarakimu 13, lebo hiyo imebandikwa karibu miongo mitatu au zaidi baada ya vita. Muulize imetoka wapi. Vipuri vya Uingereza vya wakati ule hubeba taji na herufi AM za wizara ya anga. Vya Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani, namba zake huanza na 8-109 au 109. Vibati vya utambulisho hughushiwa kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ni vyepesi kutengeneza na vina bei kubwa. Kibati peke yake, kikiwa hakina ndege wala nyaraka, mimi sikinunui.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wapya hawalitarajii, nalo hunifurahisha. Kwa mradi wa kuruka, kipuri kibovu huweza kuwa na thamani kuliko kizima. Kiunzi cha bawa kilicholiwa na kutu hakitaruka kamwe, lakini umbo lake lipo, matundu ya ribiti yapo, unene wake unapimika. Hicho ni kiolezo. Ukiwa na kiolezo na mchoro wa kiwandani, fundi mzuri wa bati anakutengenezea kipya kwa aluminiamu mpya yenye cheti. Jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian huko Marekani lina michoro mingi ya ndege za zamani kwenye filamu ndogo. Tafuta mchoro kwanza. Ukiukosa, nunua kibovu kwa bei ya kibovu, na kiandikwe kwa rangi nyekundu kwamba ni kiolezo, ili yule fundi mpya asije akakifunga kwenye ndege.

Naona naoneshwa saa, na bado nina mambo makubwa. Niyapitie haraka.

Saa za chumba cha rubani, yaani vipimo vyake vya mishale. Nyingi za miaka ya vita zilipakwa rangi ya radiamu ili zisomeke gizani. Zikiacha kung'aa watu hudhani sumu imekwisha. Kinachokufa ni ile kemikali inayong'aa. Radiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600. Usifungue kioo, usikwangue, usilundike saa nyingi kwenye chumba kisicho na hewa, maana hutoa gesi ya radoni.

Viti vya kurushia rubani. Kiti kina fataki za kulipuka. Usinunue kiti mpaka mtu mwenye ujuzi wa aina hiyo ya kiti athibitishe kwa maandishi kwamba fataki zimetolewa. Hakuna mjadala hapa, hata kwa ndege ya kusimama.

Sheria. Uingereza ina sheria ya 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi: kuchimba ndege ya kivita iliyoanguka bila leseni ya wizara ya ulinzi ni kosa, na pengine ni kaburi la mtu. Marekani, jeshi la maji bado linahesabu ndege zake zilizozama kuwa mali yake. Huko huko, vipuri vya F-14, ndege ya kivita ya jeti, vilisimamishwa kuuzwa mwaka 2007, kwa kuwa Iran ndiyo iliyobaki ikiirusha, na Bunge la Marekani likaweka marufuku hiyo kwenye sheria. Ukiona kipuri cha F-14 mnadani, usiulize bei. Na kusafirisha kipuri cha kijeshi kuvuka mpaka mara nyingi huhitaji kibali hata kama ndege yenyewe ina umri wa babu yako.

Mahali, sasa. Yale mabonde yaliyojaa ndege za Vita vya Pili vya Dunia hayapo tena. Kingman, Arizona, palikuwa na zaidi ya ndege 5,000 baada ya vita, karibu zote zikayeyushwa. Na msinijie na hadithi za Spitfire, ndege za kivita za Uingereza, zilizofukiwa kwenye makasha huko Burma. Watu walichimba mwaka 2013 na hawakukuta hata ndege moja. Vipuri vizuri leo viko kwa wakarabati wenzenu wenye aina ile ile ya ndege, kwa majumba ya makumbusho yanayobadilishana, na kwa familia za mafundi waliofariki wakaacha karakana zimejaa. Kwa hizo familia nendeni na bei ya haki. Mjane hajui kwamba kile chuma kilicho chini ya meza ni kichwa cha silinda ya Merlin, injini ya Spitfire, na ninyi mnajua.

Maswali ya propela nitayapokea pale pembeni. Wenye picha za vibati wazilete pande zote mbili, mbele na nyuma.