Vitovu Viwili, Mgonjwa Mmoja
(Mhadhara kwa wakunga, wauguzi na wazazi, Kisumu)

Hamjambo wote. Leo tunazungumzia damu ya kitovu, ile inayobaki kwenye kitovu mtoto akizaliwa, ambayo madaktari humpandikizia mgonjwa badala ya uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu). Nianze na ng'ombe, maana hapa kila mtu ana shemeji mfugaji. Ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, mzee yeyote wa Nyando atakwambia usimtegemee yule jike: mara nyingi hashiki mimba. Mishipa yao ya damu iliungana tumboni. Mwaka 1945 Ray Owen, kule Wisconsin, Marekani, alipima damu ya ndama pacha akakuta kila mmoja amebeba chembe zake na za mwenzake, wala hakuna anayezishambulia. Kinga ikikutana na mgeni ingali changa, humhesabu mwenyeji.

Damu ya kitovu ina uchanga huo. Seli zake za kinga hazijapambana na maradhi, kwa hiyo si wepesi wa kumgeukia mgonjwa anayepandikizwa. Ndiyo maana madaktari huikubali hata alama 4 tu kati ya 6 za HLA, vitambulisho vya seli ambavyo kinga hutumia kujua mwenyeji na mgeni, zikioana. Uboho wa mtu baki hudai ulinganifu mkubwa zaidi. Upandikizaji wa kwanza wa damu ya kitovu ulifanyika Paris mwaka 1988, chini ya Eliane Gluckman: mvulana alipewa damu ya kitovu cha dada yake.

Tatizo ni uchache. Mtu mzima huhitaji seli kama milioni 25 kwa kila kilo ya uzito, na kitovu kimoja mara nyingi hakifikishi. Madaktari wa Minnesota, Marekani, wakaunganisha damu ya watoto wawili. Hapa ndipo penye utamu. Wiki za mwanzo damu zote mbili huweza kuonekana, lakini kufikia siku ya 100 karibu kila mgonjwa hubaki na moja. Seli T za mshindi, askari wa kinga, humtambua mwenzake na kumfuta. Yaani zilimvumilia mwenye mwili, zikashindwa kuvumiliana. Mafahali wawili, zizi moja! Tena wingi wa seli peke yake hautabiri mshindi.

Je, viwili ni bora? Matokeo ya jaribio la Marekani ya 2014, kwa watoto na vijana 224 wenye saratani ya damu, yalionyesha asilimia 73 ya waliopewa kimoja wakiwa hai baada ya mwaka, na 65 kwa viwili. Kitakwimu hakuna aliyeshinda. Kwangu mimi, mtoto akipata kimoja kinachotosha, cha pili ni gharama.

Naona akina mama wa selimundu mmeinua mikono. Kitovu cha mtu baki hakijawafaa: katika jaribio moja la Marekani, miili ya wagonjwa 5 kati ya 8 ilikikataa. Kinga yao haijadhoofishwa na dawa za saratani, na damu walizoongezewa zimeifundisha kukataa. Cha ndugu wa baba na mama mmoja ni habari nyingine, ingawa nafasi ya kuoana kikamilifu ni moja kati ya nne, na kichanga naye lazima apimwe selimundu. Ukipata mimba, iambie kliniki mapema. Damu hiyo hukusanywa dakika chache tu baada ya kitovu kukatwa. Jinsi ya kuihifadhi, mwulizeni mwenzangu wa maabara baada ya chai.