Presha imeshuka, lakini hujapona

Ndugu zangu wahudumu wa afya, nianze na maneno yetu wenyewe. Tunasema "presha imepanda", "presha imeshuka", kama tunavyosema homa: inakuja, inaondoka. Mgonjwa naye huyafuata maneno hayo. Siku kichwa kinapomgonga anameza kidonge. Siku akijisikia vizuri, anakiacha.

Mama mmoja aliniletea vidonge vyake vya mwezi mzima. Vilivyotobolewa vilikuwa vitano tu. Hakuwa mkaidi. Aliniambia, "Daktari, si ulisema presha yangu iko sawa?" Kweli nilisema. Kipimo kilisoma 128 kwa 80, nikafurahi. Yeye akaelewa kwamba amepona. Dawa ndiyo iliyokuwa ikiishikilia ile presha pale chini, na hilo sikumwambia. Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma.

Presha ya 140 kwa 90 na kuendelea mara nyingi haina dalili yoyote. Inachosha moyo, inaharibu figo na mishipa ya ubongo, miaka na miaka, mwenyewe hana habari. Sasa tazameni tunachomwomba mtu huyu. Alikuja akijiona mzima, tukampa dawa, na dawa ndiyo ikamfanya ajisikie mgonjwa. Amlodipini, dawa mojawapo ya presha, huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Jioni akivua soksi, alama imezama kwenye ngozi. Enalaprili, nyingine ya presha, huwaletea wengine kikohozi kikavu kisichokoma. Dawa ya kukojoza, akiimeza jioni, hapati usingizi. Na yupo mwanamume ambaye nguvu zake za kiume zimepungua: huyo hatasema, ataacha dawa kimyakimya. Nyingi ya dawa hizi zina mbadala, ila hatuwezi kubadilisha tusipoambiwa.

Gharama na umbali mnavijua. Wingi wa vidonge nao unachosha, ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu vidonge vinavyobeba dawa mbili za presha kwa pamoja.

Mimi siku hizi siulizi tena, "Unameza dawa?" Swali hilo kila mtu hulijibu "ndiyo", maana anaogopa kugombezwa. Nauliza, "Wengi husahau. Wiki iliyopita zilikupita siku ngapi?" Kisha nanyamaza, nasubiri. Yule mama safari ya pili alihesabu kwa vidole, akasema, "Tatu. Miguu ilikuwa imevimba." Tukabadilisha dawa siku hiyohiyo.