Daftari Kabla ya Vidole: Kumtambua Simbilisi Mwenye Mimba

(Mhadhara kwa wafugaji wa simbilisi, Njombe)

Ndugu mwenyekiti, wafugaji wenzangu, mabibi na mabwana,

Tangu nilipoanza kuwatembelea wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili: nitajuaje kwamba simbilisi wangu ana mimba? Kwa kawaida muulizaji huwa tayari amempakata mnyama, akitarajia nimpapase tumbo na kutoa jibu papo hapo. Nami humuuliza, alipandwa lini? Kimya kinachofuata ndicho kilichonifanya nichague mada ya leo.

Ufugaji tuliourithi ni wa jikoni. Simbilisi hukaa karibu na joto la mafiga, majike kwa madume, wazazi kwa watoto, wakila maganda na majani tunayowatupia. Siudharau ufugaji huo, kwa sababu umelisha nyumba nyingi bila gharama kubwa. Hata hivyo, katika kundi lililochanganyika namna hiyo dume humpanda mama yake na dada zake, tarehe haijulikani na mtu yeyote, na mimba hugunduliwa siku watoto wanapoonekana wakikimbia nyuma ya mama yao. Jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa wiki nne hadi sita tu, yaani wakati ambapo wengi wetu bado tunamwita mtoto. Ndiyo maana nawashauri kuwatenga watoto wa kiume wanapofikisha wiki tatu, wakati wanapoachishwa kunyonya.

Jike hurudi kwenye joto, yaani hali ya kutaka dume, kila baada ya siku 16 hivi, na muda wa kumkubali dume ni wa saa chache tu, mara nyingi usiku, hivyo msitegemee kuushuhudia. Katika siku za kawaida uke wake hufunikwa na utando mwembamba, ambao hufunguka wakati wa joto na wakati wa kuzaa. Mwaka 1917 huko New York, wanasayansi Charles Stockard na George Papanicolaou walieleza mzunguko huo kwa kuchunguza kwa hadubini chembe zilizotoka ukeni mwa simbilisi. Baadaye Papanicolaou aliuhamishia uchunguzi huo kwa wanawake, na kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi kinachobeba jina lake kina asili hiyo. Kwa hiyo atakayewacheka kwa kufuga viumbe hawa wadogo, mwambieni hivyo.

Sisi hatuna hadubini bandani, lakini tuna kalenda. Mwingize dume mmoja kwa majike watano hadi kumi, andika tarehe, mwache kwa siku 35 ili kila jike apate nafasi mbili za kupandwa, kisha mtoe na uandike tena. Mimba huchukua siku 59 hadi 72, na jike mwenye watoto wengi tumboni huwahi kuzaa kuliko mwenye mmoja. Muda huo ni mrefu ukilinganishwa na wa sungura, ambaye huzaa kwa takriban siku 31, lakini mtoto wa simbilisi huzaliwa akiwa na manyoya, macho wazi na meno, na huanza kutafuna majani katika siku zake za mwanzo.

Kosa linalofanyika zaidi ni kumwacha dume hadi jike azae. Saa chache baada ya kuzaa jike huingia tena kwenye joto, naye dume hasubiri. Kwa hiyo jike anayenyonyesha katika banda lenye dume mhesabuni kuwa ana mimba nyingine, hata kama tumbo lake limelegea na amekonda, na mumlishe kwa hesabu hiyo.

Baada ya kalenda huja mizani. Mizani ya jikoni inatosha, mradi mpime kila wiki, asubuhi kabla ya kulisha. Jike aliyekomaa ambaye uzito wake ulikuwa haubadiliki, kisha ukaanza kupanda wiki baada ya wiki, ana mimba kwa uwezekano mkubwa, na mwishoni huweza kufikia karibu mara mbili ya uzito wake wa awali. Jike mchanga hudanganya, kwa kuwa huongezeka kwa kukua tu.

Vidole vije mwisho. Kuanzia wiki ya nne mtu mwenye uzoefu, akipitisha kidole gumba na cha shahada taratibu pande mbili za tumbo, husikia vijidonge kama gololi. Tatizo ni kwamba figo, kibofu na hata mavi huhisiwa hivyo hivyo, na majike wenye umri mkubwa mara nyingi huota vifuko vya maji kwenye ovari vinavyowatanua ubavu kama wenye mimba. Asiye na hakika asibonyeze, kwani mkono mzito huweza kuharibu mimba. Heri asubiri wiki ya sita au ya saba, watoto wanapocheza tumboni na kuonekana kwa macho.

Zikibaki siku kumi hivi, mifupa ya kinena huanza kuachana, na pengo likifikia upana wa kidole, uzazi uko karibu. Jike ambaye hajawahi kuzaa hadi umri wa miezi saba hupata shida hapa, kwa sababu kiungo hicho hukaza, na watoto wakakwama. Katika siku hizi za mwisho msimhamishe banda wala kumpunguzia chakula, hasa akiwa mnene, maana akiacha kula huweza kufa ndani ya siku chache. Kumbukeni pia kwamba simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C, na mwenye mimba huhitaji takriban mara tatu ya kiasi cha kawaida. Majani mabichi yasikosekane, na mapera yakipatikana ni bora zaidi.

Nimeleta majike watatu katika vikapu hivi. Sogeeni mezani mmoja mmoja, lakini kabla ya kumgusa mnyama someni kwanza karatasi iliyofungwa kwenye kikapu chake. Wa tatu hana karatasi. Nilimnunua sokoni jana.