Kijana Akiingia Chumba cha Kupimia Masikio

Shikamooni wakubwa, na nyie wadogo zangu mlioko field karibuni mbele huku, viti vipo.

Leo naongelea vijana wa miaka 10 mpaka 19, maana kwenye kliniki zetu za masikio na usemi hawa ndo tunawasahau. Mtoto mdogo tunambembeleza, mtu mzima tunamuelezea kila kitu, ila kijana anakaa pale tunaongea na mama yake kama vile mwenyewe hayupo.

Sasa hebu kiangalieni chumba chetu cha kupimia. Kidogo, mlango mzito, ukifungwa kelele zote zinakata, halafu unamvalisha hedifoni kwahiyo hata mtu akija nyuma yake hamsikii. Sisi tumezoea. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili kwa watoto hapa Tanzania ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walishafanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na ukatili wa kimwili ni karibu robo tatu, wa kike na wa kiume. Halafu wewe unafunga mlango, unamshika binti sikio kwa nyuma, anaruka, unaandika kwenye faili "hatoi ushirikiano". Hapana jamani, huyo ana kiwewe, mwili umeshtuka kabla hata yeye hajajua kwanini.

Na wengine ni sikio lenyewe ndo lilipigwa. Kofi la sikio linasukuma hewa ndani kwa nguvu, ngoma inachanika, na nyingi zinajiunga zenyewe ndani ya wiki kadhaa kama sikio litabaki kavu na hakuna aliyemimina mafuta humo. Kanuni za viboko mashuleni mwisho ni 4, na ni mkuu wa shule au aliyemruhusu yeye, kofi halimo kabisa, ila tunawapokea na maelezo ni "alianguka", na anayesema alianguka ni mtu mzima aliyemleta.

Mimi nafanya hivi. Mlango nauacha wazi kwanza. Otoskopu, kile kitochi cha kuangalia ndani ya sikio, nampa aishike, ajimulikie kiganja. Nakaa mbele yake namwambia nitaanza sikio la kulia, ukiinua mkono naacha, na akiinua naacha kweli, hata kama foleni nje imefika getini. Mara nyingi akishaona nimeacha mara moja, mara ya pili hauinui. Na vipimo vinatoka vya kweli zaidi, maana mtu aliyekakamaa kwa woga hawezi kusikilizia mlio mdogo.

Kuna wale majibu yanasema hasikii kabisa, ila koridoni ukiongea taratibu anageuka. Tafadhali usimuite muongo! Kwa vijana inatokea, na mara nyingi kuna jambo shuleni au nyumbani. Rudia kipimo, tumia vile visivyohitaji abonyeze kitufe, halafu kaa naye.

Upande wa usemi, wataalamu tuliosoma kwa vitabu vya nje tuwe makini. Kijana akitazama chini mbele yako ana adabu, usimkate maksi. Mwenye kigugumizi mlima wake ni "shikamoo", maana ile huwezi kuizunguka kwa neno lingine na mkubwa anaisubiri pale pale, sasa inakwama kwenye "sh" anaonekana hana heshima, wengine wanachapwa kwa hilo, mwisho anaanza kupita uchochoroni ili asikutane na wazee. Hilo ndo la kuanza nalo kwenye mazoezi, na muite bibi au babu mmoja aje akae akimsubiri amalize. Binti wa hijabu mtafutie mhudumu wa kike na pazia, msimfunulie mbele ya watu. Na familia ikisema walishamkata udata, ule utando wa chini ya ulimi, au kimeo, kile kinyama cha kooni, usiwakaripie, walikuwa wanatafuta msaada kama leo walivyokuja kwako, ila muulize na kijana mwenyewe anakumbuka nini siku ile.

Kwa viziwi, msimtumie ndugu kama mkalimani kwenye maswali ya ukatili. Itakuaje kama anayetafsiri ndo mhusika? Na tukimwambia "piga 116", ile namba ya simu ya msaada kwa watoto, kijana asiyesikia, tumemsaidia nini? Mpeleke mwenyewe kwa afisa ustawi wa jamii, na mkalimani wa lugha ya alama awepo. Lakini mwambie mapema, kabla hajafunguka, kwamba ukisikia yupo hatarini utatoa taarifa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka ufanye hivyo, usije ukamuahidi siri usiyoweza kuitunza.

Ndio, dada pale nyuma... anauliza mzazi akigoma kutoka chumbani je. Usibishane naye. Mwambie kila kijana hapa ana dakika zake peke yake na mpimaji, ndo utaratibu wetu kwa wote, na muweke kiti pale kwenye kioo aone ila asisikie. Wengi wanakubali. Asiyekubali kabisa, andika kwenye faili kwamba amekataa, na mpangie kijana tarehe ya kurudi iwe karibu.