Mwanangu, Huyu Siye: Vijana Wetu na Wahusika Wanaowapenda

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi

Assalaam alaykum. Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliokaa hapa mbele kwenye majamvi, ahsanteni kwa kuja na jua lote hili.

Nimeombwa nizungumze juu ya riwaya za vijana na wahusika wanaopendwa na wasomaji. Nitaanzia kwenye karafuu.

Nilikuwa na miaka 14, msimu umekolea, watoto wa kijiji chetu wote wamo mikarafuuni. Mimi niliachwa nyumbani kulinda. Karafuu zimeshachambuliwa, makonyo yamewekwa kando, zimeanikwa uwanjani, na niliambiwa jicho langu lisiondoke mbinguni: likitanda wingu tu, nikunje majamvi niingize ndani. Kaka yangu alikuwa amerudi kutoka Unguja na kitabu, Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla. Sisi Wapemba hatuna haja ya kuelezwa Giningi, huo mji wa wachawi, ni wapi. Bibi yangu hakuruhusu jina hilo litajwe nyumbani baada ya magharibi. Nikakifungua kitabu. Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, na kiko chake akaanza kuuliza maswali yake, na wingu likaja juu yangu sikuliona. Nilichokiona ni tone la kwanza, limeangukia ukurasa, likaivimbisha karatasi.

Baba aliporudi alizichota karafuu kiganjani, akazitazama. Zimelowa, zimepoteza rangi. Hakunipiga. Alikichukua kitabu akakitia mfukoni mwa kanzu, akenda zake. Siku ya tatu nilimkuta barazani anakisoma. Nilisimama mlangoni muda mrefu, hakunyanyua uso.

Sasa mzingatieni Bwana Msa mwenyewe. Ni mtu mzima. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi wa mwaka 1918, hakumwandika kwa ajili ya mtoto wa miaka 14 anayelinda karafuu. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 na 1958, ikachapwa 1960, na ilikuwa riwaya ya watu wazima. Lakini vijana waliinyakua. Msomaji kijana ndivyo alivyo, hangoji kuandikiwa. Anaingia chumba cha wakubwa, anachukua anachokitaka, na mara nyingi anachokitaka ni mtu: mhusika mmoja ambaye atakwenda naye kitandani, skuli na kisimani.

Wenzetu wa Marekani waliamua mapema kumpa msomaji huyu rafu yake. Chama cha wakutubi cha kule kilianzisha kitengo cha vijana mwaka 1957. Miaka kumi baadaye, 1967, kikatoka kitabu kiitwacho The Outsiders. Aliyekiandika ni msichana wa Tulsa, S. E. Hinton, na alikianza angali mwanafunzi wa sekondari. Amezaliwa 1948, mwaka ule ule aliozaliwa mwandishi Abdulrazak Gurnah kule Unguja. Wachapishaji waliliandika jina lake kwa herufi za mwanzo tu, wakichelea wahakiki wanaume wasije wakakidharau kitabu cha wavulana kilichoandikwa na msichana. Msimulizi wake, Ponyboy, ana miaka 14, wazee wake wamekufa, analelewa na kaka zake. Nikitaja umri huo mjue siutaji bure, kwa sababu mtoto wa miaka 14 akikutana na mtoto wa miaka 14 ndani ya kitabu, mgongo wake hunyooka. Nimeliona hilo darasani mara nyingi.

Lakini nisije nikawafanya mdhani kwamba kijana shujaa ni kitu cha kuagizia kwa meli. Sisi tunaye, tena wa zamani sana. Mmishonari Edward Steere aliwasikiliza watu wa Unguja wakisimulia, akachapisha hadithi zao London mwaka 1870, na humo imo hadithi ya Sultani Majnuni. Bibi yangu alikuwa nayo bila ya kumjua Steere, na naamini bibi zenu pia.

Sultani ana watoto saba wa kiume, na mtende ambao tende zake huliwa na ndege kila zikiiva. Wakubwa sita wanakwenda kuulinda, mmoja baada ya mmoja, na usingizi unawachukua. Wa saba hahesabiwi. Anakaa jikoni na wapishi, na wengine humwita hivyo hivyo, Mkaa Jikoni. Naye anaomba zamu. Anakwenda na bisi mkobani, na pamoja na bisi anachukua mchanga. Usingizi ukimjia anatia mchanga kinywani, anatafuna, meno yanakwaruza, anazinduka. Kulipokucha tende zote zipo. Huo mchanga ndio unaonifanya niipende hadithi hii. Kijana hakupewa pete wala jini wa kumtumikia. Alilijua pungufu lake, akalitafutia dawa ya nusu kibaba.

Kisha anakuja Nunda. Nunda alianza kuwa paka wa Sultani. Akala kuku, watu wakashitaki, Sultani akasema paka ni wangu na kuku ni wangu. Akala mbuzi, jawabu ni lile lile. Akala watu, mpaka akawala watoto wa Sultani mwenyewe. Wakubwa walilea tatizo mpaka likawa na meno, na anayetoka kulitafuta ni yule wa jikoni. Naye kijana hajui Nunda alivyo! Anaua mnyama, anamkokota hadi nyumbani, anamwimbia mama yake kwamba amemuua Nunda mla watu. Mama anatoka, anatazama, anamwimbia naye: mwanangu, huyu siye. Kijana anarudi porini. Anamleta fungo, siye. Anamleta punda milia, siye. Anamleta twiga, siye. Na kila anapokosea mnyama anazidi ukubwa.

Naomba mumsikilize mama huyo. Hamkaripii mwanawe. Haendi porini kwa niaba yake, hamfungii mlango, wala hamhubirii juu ya fungo aliyekufa bure. Anaogopa, hadithi inasema wazi kwamba anamsihi asiende, kwa sababu ni mama. Lakini kijana akirudi na mnyama asiyekuwa ndiye, anampa neno moja la kweli, kisha mtoto anakwenda tena. Katika miaka yote niliyofundisha sijapata mfano bora wa namna mtu mzima anavyotakiwa akae karibu na kijana anayesoma.

Skuli ninayofundisha ina kabati moja la chuma na daftari la kuazimia lenye safu nne: tarehe, jina, kitabu, kurudisha. Daftari hilo linanifundisha kuliko semina. Kitabu kilichochakaa kuliko vyote kabatini ni Utengano cha Said Ahmed Mohamed, mtoto wetu wa Pemba, aliyezaliwa 1947. Kimechapwa mwaka 1980. Jalada la nakala yetu liliachia, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akishona kofia za viua nyumbani kwao akalirudishia kwa uzi ule ule wa kofia, kwa mshono mdogo mdogo wa kupendeza, sijamwomba.

Wanachokifuata humo ni Maimuna. Baba yake, Bwana Maksuudi, ni mtu wa mali na jina, naye amemfungia ndani. Maimuna anapata upenyo, anatoroka. Na akishatoroka mambo hayanyooki. Anaangukia kwenye ulevi na maisha ambayo hakuna mzazi humu ndani angemtakia mwanawe. Mwandishi hakumficha alipoanguka, na hakumwacha kule.

Siku moja alinijia mama wa mwanafunzi, kitabu kimefungwa kwenye gazeti kisionekane njiani. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu ndiye mnayewafunza?" Nilimkaribisha kiti. Nikamuuliza, "Dada, mwanao amekwambia nini juu ya Maimuna?" Akafikiri. Akasema alimkuta usiku analia. Nikauliza alilia alipofika wapi. Akajibu, "Aliponisomea pale anapokunywa." Tukakaa kimya sote wawili. Alipoinuka alikitia tena kitabu ndani ya gazeti, akaondoka nacho, na kwenye daftari kikarudishwa baada ya wiki tatu. Kilikuwa kimeandikiwa siku saba.

Wa pili kwa kuazimwa ni Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999. Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021, na tangu hapo hata wavulana wanaiulizia. Yasmin ana miaka 15 anapoozwa Bwana Raza, mtu wa umri wa baba yake. Anatoka katika ndoa hiyo, anakwenda mtaa wa Ng'ambo kwa Mwajuma, anaingia katika mapenzi na Denge, na kwa Denge anaingia katika siasa za kupambana na mkoloni. Wasichana wangu wanambishania Yasmin kama wanavyombishania jirani. Mmoja husema alikosea kumpenda mtu asiyekuwa na usiku wa kutulia, mwengine humjibu kwamba basi angebaki kwa Raza? Mabishano yanahamia dakhalia, taa zinazimwa hayajesha.

Na Yusuf. Gurnah alimwandika kwa Kiingereza mwaka 1994, katika riwaya ya Paradise, na Ida Hadjivayanis akamleta kwetu kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa kwenda kulipia deni la baba yake kwa tajiri ambaye yeye alidhani ni ami yake. Nilipowasomea wavulana wa kidato cha pili mwanzo wake, mmoja aliyezoea kucheka kila jambo aliuliza, "Kwani baba yake alijua?" Hakucheka tena siku ile.

Maimuna, Yasmin, Yusuf: wote waliandikwa kwenye riwaya za watu wazima, wote ni vijana, na wote wanakosea kwa miguu yao wenyewe. Ukitafuta kitabu cha Kiswahili kilichokusudiwa kijana tangu mwanzo, rafu inakuwa nyembamba. Vya watoto tunavyo, sungura na fisi na mtoto mtiifu. Baada ya hapo unaruka mpaka kwa watu wazima. Na vingi vya katikati vimeandikwa na mtu mwenye haraka ya kuonya. Ukurasa wa pili msichana anadanganywa, ukurasa wa sitini anajuta, ukurasa wa mwisho mwandishi anajitokeza mwenyewe kuwaasa vijana. Wanangu hawa wanaujua mwisho huo kabla ya kufungua jalada. Msichana kwenye kitabu hicho hakuchagua lolote, alisukumwa tu hadi kwenye onyo. Nawasihi waandishi wenzangu, mlioko hapa na mlioko Unguja: mwacheni achague. Mkimwacha achague vibaya, mkae naye.

Mtihani nao nisiupite. Takadini hupendwa sana na wanafunzi, yule kijana mwenye ualbino katika riwaya yenye jina lake, ambaye mama yake Sekai alikimbia naye ili asiuawe. Nimewaona wakisoma kwa machozi. Kisha tunawafunza kujibu: dhamira tano, mbinu za kisanaa, ujumbe, falsafa ya mwandishi, na chozi linakauka. Fani na maudhui ni elimu ya haki na mimi ndiyo inayonilisha. Ila mwalimu mwenzangu, kabla hujaandika neno "dhamira" ubaoni, waulize nani wamempenda na nani wamemchukia. Dakika kumi tu. Utashangaa dhamira zitakavyojileta zenyewe.

Na kwa wale wanaosema vijana hawasomi kwa sababu ya simu: nimekaa nao. Wanasoma simulizi za mtandaoni sehemu kwa sehemu, sehemu ya 14, sehemu ya 15, itaendelea kesho, chini ya shuka, saa sita za usiku. Ni njaa ile ile niliyokuwa nayo mimi juu ya majamvi. Wingi wa simulizi hizo hauna upishi mzuri, lakini mwenye njaa hagombezwi kwa kula.

Nimalizie na jambo moja lililoko mikononi mwangu sasa. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, jina lake silitaji, anaandika hadithi kwenye daftari la hesabu. Msichana wa hadithi yake analima mwani na mama yake. Bamvua likiingia wanashuka pwani, na msichana anahesabu kamba za mama, na kimyakimya anahesabu za kwake alizozifunga pembeni, ambazo mama hazijui. Anataka nauli ya meli ya kwenda Unguja. Kwa nini, mwandishi wangu bado hajasema. Ameandika vizuri mno namna vidole vinavyonyauka kwa maji ya chumvi na namna msichana anavyovificha mbele ya wageni.

Wiki iliyopita alikwama. Msichana yuko bandarini Mkoani, tiketi mkononi, na mama amekuja kumtafuta, amesimama upande wa pili wa watu. Akaniuliza, "Mwalimu, apande au asipande?" Nikamwambia aandike yote mawili. Jana kaniletea kurasa tisa, amepanda, na jana hiyo hiyo jioni akaja kuzichukua, akasema, "Siye huyu, mwalimu. Huyu hangepanda hivi." Kwa hivyo kwa sasa daftari analo mwenyewe.

Vitabu nilivyovitaja viko pale mezani karibu na dirisha, na daftari la kuazimia liko wazi. Peponi ni nakala mbili tu, basi anayechukua asizidishe wiki. Utengano kishikeni kwa mikono miwili, uzi umeanza kulegea. Sasa nauona mkono kule nyuma ulioinuliwa tangu nilipomtaja Yasmin. Simama, mwanangu, tukusikie.